Ulimi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na mama mkwe wangu ametoka nje kuipokea bila hata kujifunika kichwa. Kwake mvua ni soko. Jua likiwaka hakuna anayetaka kitu cha moto, lakini mvua ikishika na baridi ikipanda kutoka ziwani, watu wa upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wanajaa mlangoni kwetu wakiuliza, "Mama Nyirabahire, maboga yameiva?"

Boga linachemshwa, linapondwa, linachanganywa na mayai, maziwa, unga kidogo, tangawizi na mdalasini. Linamiminwa kwenye sufuria iliyotandikwa jani la mgomba, makaa yanawekwa chini na mengine juu ya mfuniko. Likiiva linakatwa vipande likiwa bado linafuka moshi, na juu yake anamwaga sosi: sukari iliyounguzwa mpaka iwe na rangi ya udongo wa barabara yetu, kisha ikazimwa kwa maziwa na siagi ya ng'ombe.

Mimi ni mke wa mwanawe, Gatete. Nakata maboga, nachochea makaa, naosha vyombo. Sosi siigusi. Anasema mkono wangu una haraka.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua. Maboga. Kidole gumba kimevimba kwa kisu.

Jumamosi, 14 Septemba

Libérate, jirani yetu, aliniuliza mbele ya wateja kama mwili wangu umepona. Mimba yangu ilitoka Julai. Kabla sijajibu, Mama alijibu kwa niaba yangu. Aligonga sufuria yake kwa mwiko, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Muangalie hii sufuria. Imezeeka, mukono moja umeng'oka, lakini nikiweka kintu ndani inakishika mpaka kinaiva."

Watu walicheka. Wengine waliangalia chini, lakini walicheka. Gatete alikuwa pembeni akikaza mnyororo wa pikipiki yake. Na yeye alicheka.

Niliendelea kumenya.

Alhamisi, 19 Septemba

Amekuja mwanamke wa mjini Mbarara mwenye gari, Madamu Kobusingye, mwenye nyumba ya wageni. Alikula vipande viwili akiwa amesimama, sosi ikimchuruzika kidevuni, hakujali.

"Nyabo," akamwambia Mama kwa heshima, "hii kitu nataka kwa wageni yangu. Wazungu wanasema huko kwao sasa baridi inaingia, majani inaanguka, kila mutu anakula maboga. Wanasikia hamu sana."

Walikubaliana. Gatete atapeleka Mbarara kila Ijumaa kwa pikipiki. Mama ameimba nyimbo za kanisani jioni nzima.

Jumapili, 29 Septemba

Baada ya ibada nilikuta msichana amekaa kwenye kiti changu. Mrefu, ngozi inang'aa, mikono haijui makaa.

"Huyu ni Benitha," Mama akasema. "Mutoto ya batu ya kwetu. Baba yake anachunga upande wa Rugaaga."

Kisha akachota sosi kwa kijiko chake mwenyewe, akaipuliza, akamlisha kama mtoto. "Onja, unieleze."

Benitha akasema ni tamu sana. Mama akacheka kwa furaha. Miaka yote niliyokaa katika nyumba hii sijawahi kuonjeshwa ile sosi kwa mkono wake.

Jioni Libérate alikuja kuomba moto, akaninong'oneza, "Munezero, usijifanye haujui. Ule ni muke banatafutia bwana yako."

Kanisa letu haliruhusu wake wawili. Kwa hiyo hakuna cha kubahatisha. Yeye akiingia, mimi natoka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mama ana homa na mafua makali. Hakuna maboga leo.

Jumatano, 9 Oktoba

Bado. Usingizini anaweweseka kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao milimani, anaita ng'ombe kwa majina yao. Nimemkanda, nimemnywesha uji, nimefua mashuka yake. Benitha hajaonekana. Gatete anachungulia mlangoni, anauliza, "Anaendeleaje?" kisha anawasha pikipiki kabla ya jibu.

Jumanne, 15 Oktoba

Ameamka. Amerudi jikoni akiwa amekonda, lakini na kelele zake zote. Leo maziwa yalifurika yakaungua kwenye makaa, nyumba nzima ikajaa harufu kali ya kuungua. Mimi nilikuwa nje, nikakimbilia ndani. Yeye alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye jiko, mgongo ukiwa umeligeukia, anachambua mdalasini. Hakugeuka.

"Mama, maziwa!"

"Ninajua," akasema. Hakujua.

Jumatano, 16 Oktoba

Wateja wameacha vipande kwenye bakuli. Mmoja alisema sosi ni chungu. Mama alimwambia ana kinywa cha mlevi.

Mchana nilimpa chai bila chembe ya sukari. Mama ambaye chai yake lazima kijiko kisimame! Aliinywa yote. "Leo umejifunza kutia sukari," akasema.

Niliosha kile kikombe polepole sana. Siwezi kuandika kwamba nilikuwa na huzuni.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwambia. Nilingoja Gatete aondoke, nikafunga mlango wa jikoni, nikasema, "Mama, jana chai yako haikuwa na sukari."

Aliinua mwiko kama wa kunipiga. Kisha mkono ukashuka wenyewe, akakaa juu ya gunia la makaa. Nilimwona kwa mara ya kwanza ni mwanamke mzee.

"Tangu ile homa," akasema. "Ulimi imekuwa kama kipande ya mbao. Sisikii harufu, sisikii chumvi, sisikii sukari. Ninakula kama mutu anakula karatasi." Akanishika kiwiko. "Usimuambie mutu. Hata Gatete. Bakijua, nitakuwa nani? Nitakuwa muzee moja wa kungojea musaada, kama bengine."

Nilimwacha akinishika hivyo kwa muda. Nilitaka ajue jinsi inavyokuwa kungojea neno la mtu.

"Benitha asikanyage hapa tena," nikasema.

"Benitha ni mugeni tu."

"Mama. Nitamwita Libérate sasa hivi."

Alienda kuleta Biblia yake. Aliweka kiganja juu yake, akaapa kwamba Benitha hataingia katika nyumba hii, na kwamba mimi ndiye mke wa mwanawe hadi kufa. Machozi yalimtoka. Nikachukua mwiko mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza nikapika sosi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mbarara wamesifu sana sosi ya leo. Gatete amempongeza mama yake.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumepanga ishara, kwa sababu wateja wanapenda kumwona yeye akikoroga. Mimi naonja kwa siri nikiwa nyuma yake. Sukari ikipungua nakohoa mara moja. Ikitosha nagonga mfuniko. Anafuata kama mtu anayeongozwa gizani. Leo nilichelewa kugonga makusudi, nikamwangalia akitokwa jasho.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua kutwa. Maboga yaliisha kabla ya saa tisa.

Jumapili, 3 Novemba

Hatukwenda ibadani, njia imekatwa na maji. Tulikaa jikoni, na Mama akanieleza alikojifunzia maboga. Alikuwa msichana mdogo Uvira, huko Kongo, mtumishi kwa mke wa mmisionari. Yule mama mzungu alikuwa akililia kwao kila mwaka majani yakianza kudondoka huko, na alitaka maboga kama ya bibi yake. Chakula kikikosewa, hakusema kitu. Alikiweka chini barazani, akaita mbwa, akamlazimisha Mama asimame pale mpaka mbwa amalize.

"Nilisimama mara mingi," Mama akasema. "Kisha siku moja mbwa haikuitwa."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayesimulia shule aliyosoma. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu kwa kuchelewesha ile ishara.

Jumapili, 10 Novemba

Leo ameniita "mwanangu". Alikuwa ananiomba nimpe chungio, lakini alisema.

Alhamisi, 14 Novemba

Foleni ya msaada wa chakula kutwa nzima. Nimerudi nimelowa. Mama alikuwa amenitunzia viazi.

Jumatatu, 18 Novemba

Madamu Kobusingye amepiga simu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi anafanya karamu kubwa ya maboga kwa wageni wake na wakubwa wa mjini. Anataka Mama apike kulekule, kisha asimame mbele yao. Mama amekata simu, akanitazama kwa hofu. "Utakuwa nyuma yangu?" Nikasema nitakuwa.

Alhamisi, 21 Novemba

Nilienda tena kwenye foleni ya chakula. Mvua ya mawe ikapiga, wakatuambia turudi kesho. Nikatembea nyumbani na gunia tupu kichwani. Nilipofika nyuma ya jikoni, nikasikia mtu anakohoa. Mara moja. Kikohozi kile kile tulichopanga.

Nilidhani nimejisikia mwenyewe. Nikasogea kwenye ufa wa ukuta.

Benitha alikuwa amesimama nyuma ya Mama, mahali pangu, na kijiko changu mkononi. Mama akaongeza sukari, Benitha akaonja, akagonga mfuniko. Wakacheka wote wawili.

"Unajifunza mbio," Mama akasema. "Alhamisi yote ule anaenda kwa foleni. Uendelee kukuja."

"Na Mbarara, Mama? Nikuje?"

"Mbarara hapana. Ule Madamu anamujua Munezero. Acha anisaidie ile siku moja, akamilishe kazi. Kisha mwezi wa kumi na mbili Gatete anamurudisha kwa kaka yake. Baba yako amekwisha kupokea ng'ombe, tutamuambia nini?"

"Na kiapo?"

"Niliapa hautaingia mu *nyumba*. Hapa ni jikoni. Mutakaa Mbarara." Alisema hivyo huku akilamba mwiko ambao hakuweza kuuonja.

Kwa hiyo kila Alhamisi. Na Gatete anajua. Ng'ombe haitoki nyumbani kwa mtu bila yeye kujua. Na viazi alivyonitunzia Mama wiki iliyopita, labda vilikuwa mabaki ya mlo wa Benitha.

Sikuingia. Nilizunguka, nikakaa chini ya paa la Libérate mpaka Benitha alipoondoka. Kisha nikaingia, nikasema foleni imefungwa. Mama akasema, "Pole, mwanangu."

Ijumaa, 22 Novemba

Nimepika. Gatete amepeleka Mbarara.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepika. Mama anasema nimekuwa mkimya. Nimemwambia ni meno.

Jumapili, 1 Desemba

Nitaandika ya jana yote, nisiache kitu.

Gatete alitupeleka hadi barabara kubwa, tukafika Mbarara kabla ya adhuhuri. Madamu Kobusingye alikuwa amepamba ukumbi kwa maboga mazima, na kwa kuwa miti ya Mbarara ni ya kijani mwaka mzima, alikuwa amewaagiza wafanyakazi wachume majani wayakaushe juani, kisha wayatawanye mezani ili yafanane na ya Ulaya. Mama aliyatazama yale majani kwa muda. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu, na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mzuri, sitakataa.

Jikoni kulikuwa na jiko la gesi. Mama hakulijua, kwa hiyo kazi yote ilikuwa yangu. Maboga niliyapika kwa haki. Yaliumuka vizuri, yakapasuka juu kidogo kama inavyotakiwa. Kisha sosi. Niliunguza sukari kidogo ya kuipa rangi. Nikatia maziwa, nikatia siagi. Palipotakiwa sukari nyingine, nikafungua mkebe wa chumvi. Nilitia, nikakoroga, nikatia tena. Mkono wangu haukuwa na haraka hata kidogo.

"Iko sawa?" Mama akauliza.

Niligonga mfuniko.

Wageni walipokaa, Madamu alimshika Mama mkono akamweka katikati ya ukumbi. Akawaambia watu huyu ni mama wa Kongo, amekimbia vita, amekuja na ufundi wake. Wakapiga makofi. "Sisi huku mupishi anaonja wa kwanza," Madamu akasema. "Nyabo, kula, watu waone."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua mbili. Bado ningeweza kukohoa.

Mama alichota kipande kikubwa chenye sosi ya kutosha. Alifumba macho. Alitafuna polepole kama mtu anayesikiliza, kisha akasema kwa sauti yake ya sokoni, "Tamu! Tangu nianze kupika, sijapika tamu kama hii."

Watu wakacheka kwa furaha, wakachota. Kisha vijiko vikarudi mezani. Mzungu mmoja alishika kitambaa mdomoni. Mtoto wa mgeni mmoja alitema mezani, juu ya yale majani, akalia. Mtu mwingine akacheka, na wa pembeni yake akacheka, na kicheko kikazunguka meza.

Mama alidhani ni furaha ileile. Alitabasamu. Alichota tena, akala, akawaonyesha bakuli kana kwamba anawaambia kuleni, msione haya. Walizidi kucheka.

Madamu Kobusingye akaonja. Uso wake ukabadilika. "Nyabo," akasema, "wewe unasikia kitu kweli kwa hiyo mudomo?"

Ndipo Mama akaelewa. Hakuangalia bakuli wala Madamu. Aligeuka akanitazama mimi, kijiko bado kikiwa hewani. Nilikuwa nimelingojea hilo jicho tangu Alhamisi ile. Nilidhani nitasema jina la Benitha, nilikuwa nimelitayarisha mdomoni. Sikuweza. Mama alikuwa na sosi kwenye kidevu, watu wanacheka, na yeye alikuwa amesimama wima kabisa, mikono ubavuni. Nikajua alikuwa amewahi kusimama hivyo.

Nilifurahi. Nataka niandike hilo pia. Nilifurahi mpaka tulipofika mlangoni.

Gatete alipotupokea akafoka, "Madamu amenipigia! Amekata kazi! Nani alitia chumvi?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Ni mimi. Mikebe yao inafanana."

Sijui kama alinifichia mimi au alijifichia mwenyewe. Usiku alikunywa maji, mtungi mzima.

Jumatano, 4 Desemba

Benitha amesema. Kisimani, mbele ya wanawake wote: yule mzee hana ulimi, alikuwa anawauzia watu chakula asichokisikia. Leo hakuna mteja hata mmoja. Mtu mmoja alipita akikohoa mara moja kwa dhihaka, wenzake wakagonga vyombo. Mama alikuwa mlangoni.

Jumapili, 8 Desemba

Gatete amefunga vitu vyake. Amepata chumba Mbarara na sehemu ya kuegeshea pikipiki, na huko kuna kanisa ambalo hakuna anayejua kwamba ameoa. Hakunirudisha kwa kaka yangu. Hata hilo aliona ni safari ya bure.

Mama alikuwa amevaa tangu asubuhi. Kile kitenge kizuri, kitambaa cheupe, na begi lake miguuni. Tangu mwanzo mpango wao ulikuwa akae nao. Benitha alifika, hakushuka kwenye pikipiki iliyomleta. Alimwita Gatete pembeni. Walizungumza kwa muda mfupi. Gatete akarudi akikwaruza udongo kwa kiatu.

"Mama, chumba ni kidogo."

"Nitalala chini."

"Benitha anasema..." Alinigeukia mimi, baada ya siku nyingi za kutonitazama. "Utabaki na Mama. Weye umemuzoea."

"Gatete," Mama akasema, "nilitoa ng'ombe yangu kwa ajili ya huyu binti."

"Asante, Mama," akajibu. Kwa adabu kabisa, kama mtu aliyepewa maji. Akawasha.

Mama alibaki amekaa juu ya begi mpaka mvua ikamkuta. Nilimwangalia kutoka ndani. Nilingoja aniite, hakuniita. Mwishowe niliingiza begi, nikauacha mlango wazi, akaingia mwenyewe.

Jumatano, 11 Desemba

Libérate anasema nimfukuze Mama, hakuna atakayenilaumu. Kaka yangu ametuma neno kwamba nirudi nyumbani, peke yangu. Nimefikiri siku mbili. Kwa kaka nitakuwa mgeni wa mke wake. Hapa kuna sufuria, na ninajua kuzitumia.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimepika kwa jina langu. Wamekuja wachache, wakaonja kwanza kwa ncha ya ulimi, wakichunguza uso wangu. Kisha wakanunua. Hakuna aliyemsalimia Mama. Alikuwa pembeni akimenya maboga, na anamenya vizuri, vipande sawasawa. Nilimwambia vimekuwa vinene. Akavikata upya.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua zinakwisha. Leo tumeuza mpaka sufuria ikabaki na kipande kimoja, nikampa Mama na sosi juu yake. Alikaa nacho magotini, bakuli likifuka moshi usoni pake, na hakula.

"Munezero," akasema, "ile siku, ulitia chumvi mingi?"

"Mingi."

"Na batu bote balisikia."

"Wote."

Alitikisa kichwa taratibu. Akainua kijiko. Nikasema, "Na hicho pia nimetia."

Si kweli. Kilikuwa kitamu, kitamu kuliko vyote vya leo. Lakini nilisema, na nikamwangalia.

Alinitazama, kijiko karibu na mdomo. Kisha akala. Alikula kipande chote, akapangusa sosi kwa kidole, akalamba kidole. Akanirudishia bakuli kwa mikono miwili, jinsi mkwe anavyompa mama mkwe.

"Kesho nikate maboga mangapi?" akauliza.

Nikamwambia.